Namwona daktari kuhusu kipandikizi cha kidevu: nijiandae vipi?

Asalaam aleikum washauri wetu.

Mimi ni mama wa miaka 31, mkazi wa Mombasa. Tangu usichana kidevu changu ni kifupi. Ukinitazama kwa ubavuni, uso unaishia mdomoni kisha unaingia moja kwa moja shingoni. Nilipokuwa sekondari nilifungwa waya za meno, na kabla ya hapo niling'olewa meno manne ili mengine yapate nafasi. Meno yalinyooka, kidevu kikabaki vilevile. Sasa nimejiwekea pesa, na nimepata miadi na daktari wa upasuaji wa urembo Nairobi baada ya wiki tatu. Ni mazungumzo tu, si upasuaji, na nimeambiwa nitakaa naye nusu saa.

Rafiki yangu aliyewahi kufanyiwa pua anasema nipeleke picha ya msanii ninayempenda, nimwambie daktari nataka silikoni ya milimita 7, mengine atayajua mwenyewe. Mimi naona nusu saa ni fupi na sitaki kutoka nje ndipo nikumbuke la kuuliza. Nipeleke nini? Nijibu nini nikiulizwa? Nitajuaje kama ananieleza ukweli au ananiuzia tu?

Pengine na haya yana maana: niliota kovu kubwa sikioni nilipotoga mara ya pili, navaa hijabu, natumia diklofenaki mara kwa mara kwa ajili ya mgongo, na mume wangu analalamika kuwa nakoroma.

Dada wa Mombasa

JIBU

Waaleikum salaam, dada.

Hayo uliyoyaweka mwishoni ndiyo yenye uzito kuliko yote, na tutayarudia moja moja. Lakini kwanza hilo la milimita 7. Rafiki yako ameanzia mwisho. Ukubwa wa kipandikizi, yaani kile kipande kinachowekwa mbele ya mfupa wa kidevu, huamuliwa baada ya kujua ni nini hasa kilichopungua usoni, na hilo ndilo swali unalolipia ile nusu saa.

Kidevu huonekana kifupi kwa sababu tatu ambazo kwa macho ya mtu wa kawaida zinafanana. Ya kwanza, ncha ya mfupa wa kidevu ni ndogo lakini taya liko mahali pake. Ya pili, taya lote la chini liko nyuma, kidevu na meno vikafuata. Ya tatu, meno na midomo vimetokeza mbele, na kidevu ambacho hakina tatizo kikaonekana kimebaki nyuma. Kipandikizi ni tiba ya ile ya kwanza. Kwa ya pili kinafunika tu, na kwa ya tatu kinaweza kukuachia uso uliotokeza kote.

Historia yako inatufanya tuulize sana kuhusu ile ya pili. Meno yanapong'olewa na waya kufungwa, daktari wa meno anaweza kuyapanga yakakutana vizuri hata kama taya la chini ni fupi. Kwa nje tabasamu linapendeza, ila mifupa iko palepale ilipokuwa. Kwa hiyo kung'ata vizuri leo hakuthibitishi kwamba taya lako liko sawa. Na kukoroma kunaongeza swali: taya likiwa nyuma, ulimi nao hukaa nyuma, njia ya hewa ikabanwa usiku.

Simama mbele ya kioo ujitazame kabla ya safari. Meza mate, kisha uume meno ya nyuma kwa utulivu bila kusukuma taya mbele. Watu wenye kidevu kifupi huwa wamejizoesha kulisogeza taya bila kujijua, hasa wakiona kamera, na daktari akikupima hivyo anapima uso usio wako. Ukishauma, tazama meno ya juu yamepita ya chini kwa mbele kiasi gani. Milimita 2 au 3 ni kawaida. Halafu legeza uso. Je, midomo inakutana yenyewe? Sasa ifumbe, utazame ngozi ya kidevu. Ikiwa inajikunja na kufanya vishimo kama ganda la chungwa, msuli wa kidevu unafanya kazi ya ziada kuipandisha midomo. Mwambie daktari jambo hilo, hata asipouliza. Msuli unaokaza mchana kutwa juu ya kipandikizi hukikandamiza kwenye mfupa, na mfupa ulio chini yake huliwa kidogo kidogo. Mara nyingi kinacholiwa ni milimita moja au mbili na mtu hasikii lolote, lakini kipandikizi kikiwa kimekaa juu mno, karibu na mizizi ya meno ya mbele, mambo huwa mazito zaidi.

Jingine la kufanya kwenye kioo: shika uzi kutoka katikati ya nyusi hadi kidevuni uone kama ncha ya kidevu iko kwenye mstari au imeenda upande. Kidevu kilichopinda kikiongezewa kipandikizi kilicho sawa pande zote, upindo huonekana zaidi.

Sasa vya kubeba. Rudi kliniki ulikofungiwa waya uombe eksirei zako za zamani. Ikiwa hazipo tena, uliza kliniki ya Nairobi kama unaweza kufika na mpya mbili: ile ya taya zima inayozunguka uso, na ile ya kichwa kwa ubavuni. Ya kwanza inaonyesha mizizi ya meno, jino bovu lililojificha, na matundu mawili ambamo neva za mdomo wa chini hutokea, moja kila upande, chini ya magego madogo. Ya pili ndiyo inayopima taya liko wapi ukilinganisha na fuvu. Kwa mtu mwenye historia kama yako, daktari akitaka kuamua ukubwa wa kipandikizi bila kuona eksirei ya ubavuni wala kukuangalia unavyouma, usikubali kupangiwa tarehe siku hiyo.

Kisha picha. Za kujipiga mwenyewe ziache, kwa sababu kamera iliyo sentimita 30 kutoka usoni huifanya pua ionekane pana kwa karibu asilimia 30 kuliko ilivyo, na kidevu kilicho nyuma yake kikaonekana kidogo. Mpe mtu simu, asimame mita moja na nusu au mbili, aishike usawa wa uso wako, akuze kwa kamera badala ya kusogea. Nywele nyuma, shingo wazi, kichwa kimenyooka: mstari wa kufikirika kutoka tundu la sikio hadi ukingo wa chini wa jicho uwe sambamba na sakafu. Kidevu kikiinuliwa kidogo tu, kinaonekana kimeongezeka. Piga mbele, ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, na nusu ubavu pande zote mbili, midomo imelegea, kisha ya mbele ukitabasamu. Kwa kuwa unavaa hijabu, ujue kwamba kliniki nayo itataka kukupiga ukiwa umevua mtandio, maana pembe ya kidevu na shingo haipimiki imefunikwa. Piga simu mapema uombe mpigaji awe mwanamke, na uulize picha zitahifadhiwa wapi. Karatasi ya ridhaa mara nyingi ina kipengele cha kuzitumia kwa matangazo; una haki ya kukikataa na bado ukatibiwa.

Picha ya msanii unaweza kuibeba, ila itumie kuonyesha umbo unalolipenda, kwa mfano kidevu cha mviringo au chenye ncha. Bora zaidi ni picha zako mwenyewe za ubavuni, ueleze kwa maneno yako ni kitu gani kinakukera. "Nataka shingo ionekane imeachana na uso" ni maelezo ambayo daktari anaweza kuyafanyia kazi.

Andika orodha ya dawa zote pamoja na vipimo vyake. Diklofenaki hufanya damu ichelewe kuganda, na damu ikijikusanya chini ya kidevu baada ya upasuaji huleta uvimbe, maumivu na nafasi ya vijidudu kuzaliana. Aspirini na ibuprofeni ziko kundi hilohilo, na vidonge vya mafuta ya samaki, vitamini E na vya kitunguu saumu navyo vitajwe. Kwa kawaida utaambiwa uziache siku kadhaa hadi wiki moja au mbili kabla, na kwa maumivu ya mgongo upewe parasetamoli. Lakini mtu anayetumia aspirini kwa ajili ya moyo, au dawa ya kuzuia damu kuganda, asiache chochote kwa uamuzi wake. Taja pia kisukari, presha, pumu, mzio wa dawa, selimundu katika ukoo, ujauzito au kunyonyesha, na sigara au shisha. Moshi hupunguza damu inayofika kwenye kidonda, na madaktari wengi hutaka uwe umeacha angalau wiki nne kabla.

Kuhusu kukoroma, mwulize mumeo kama kuna wakati pumzi inakatika kisha unashtuka ukivuta hewa. Jibu lake likiwa ndiyo, lipeleke kama lilivyo. Linamhusu daktari wa nusu kaputi, kwa sababu mtu wa namna hiyo huhitaji uangalizi wa ziada anapolala na anapoamka. Linahusu pia uchaguzi wa upasuaji wenyewe. Kipandikizi hukaa mbele ya mfupa, hakigusi njia ya hewa. Kukata ncha ya mfupa wa kidevu na kuisogeza mbele, kisha kuifunga kwa bamba dogo na skrubu, huvuta pamoja nayo misuli ya ulimi iliyoshikamana nyuma yake. Na kulisogeza taya zima, kazi ya madaktari wa kinywa, taya na uso wakishirikiana na daktari wa waya za meno, hufungua njia hiyo zaidi. Ni upasuaji mkubwa, na huenda ukaamua hauutaki. Ila ni haki yako kuusikia kabla hujalipia ule mdogo.

Kovu la sikioni lionyeshe. Mtu aliyewahi kuota kovu la namna hiyo yuko katika hatari zaidi ya kuota tena, na ukingo wa taya ni mojawapo ya sehemu zinazopenda kufanya hivyo. Kipandikizi huingizwa kwa njia mbili. Chini ya kidevu, kwa mkato wa sentimita 2 hadi 3 hivi, daktari anaona vizuri ukingo wa chini wa mfupa, anakikalisha mahali pake, na mdomo na vijidudu vyake haviguswi. Ndani ya mdomo, kati ya fizi na mdomo wa chini, hakuna kovu la nje, lakini mate na chakula vipo, kipandikizi kina tabia ya kukaa juu kuliko inavyotakiwa, na msuli wa kidevu hukatwa, ukihitaji kushonwa upya kwa uangalifu. Usiposhikwa vizuri, nyama ya kidevu hulegea ikaning'inia na meno ya chini yakaonekana kupita kiasi. Kwako wewe kovu linaipa njia ya mdomoni uzito mkubwa, na tungependa umsikie daktari akilifikiria kwa sauti. Akisema tu "huwa napita chini" bila kuuliza habari za sikio, mwulize wewe.

Njia ya mdomoni ina sharti la meno safi. Tumia wiki hizi tatu kumwona daktari wa meno: asafishe ugaga, azibe yaliyotoboka, na aeleze kama kuna usaha kwenye mzizi. Mwombe pia kitu kimoja cha ziada, barua fupi inayosema jinsi unavyouma na kama taya lako la chini liko nyuma. Barua hiyo itakuokolea dakika kumi za mazungumzo Nairobi.

Tukija kwenye vipimo, daktari anaweza kutumia mstari unaoshuka wima kutoka mdomo wa chini na kuangalia kidevu kimebaki nyuma kiasi gani. Uliza ametumia mstari gani. Vipimo vingi vya vitabuni vilitokana na nyuso za Wazungu, na kwetu midomo iliyojaa na meno yaliyosogea mbele kidogo ni sura ya kawaida kabisa. Ukiufuata mstari wa mdomo kwa uso wa namna hiyo, hesabu inatoa kipandikizi kikubwa kuliko kinachofaa. Vya kawaida huongeza kati ya milimita 4 na 10 hivi. Kwa mwanamke, kidevu kikiishia kidogo nyuma ya mdomo wa chini bado kinapendeza, na tofauti ya milimita 2 inaonekana wazi usoni. Umbo nalo lina maana kama unene. Vipande vidogo vinavyokaa katikati tu huacha mfano wa kifungo, na vishimo pembeni. Vyenye mabawa marefu yanayofuata taya huungana na uso vizuri zaidi, ila mabawa hayo hupita chini kidogo ya zile neva mbili, na hapo ndipo mkono wa daktari unapojaribiwa. Na jua kwamba kipandikizi husogeza kidevu mbele, lakini urefu wa uso hakiuongezi kwa kiasi cha maana. Kama sehemu ya chini ya uso wako ni fupi kwa wima pia, mfupa wenyewe ndio wa kukatwa.

Silikoni ngumu ndiyo inayotumika zaidi. Mwili huizungushia ngozi nyembamba bila kuishika, kwa hiyo inateleza isipotengenezewa mfuko wa kubana au kufungwa, ila ikibidi hutolewa kwa urahisi. Polithilini yenye matundu, aina ya plastiki, huingiwa na nyama, ikatulia imara, na kwa sababu hiyohiyo kuitoa ni kazi. Usiichanganye silikoni hii na ile ya maji ya kudunga. FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, haijaidhinisha silikoni ya maji kwa kuunda sura popote mwilini, na ikishaingia haikusanyiki tena. Ukitaka kuonja sura mpya kwanza, ipo sindano ya kijazio cha asidi ya hayaluroniki, inayokaa mwaka mmoja hivi au zaidi na inayoweza kuyeyushwa. Nayo idungwe na daktari, si saluni, kwa kuwa ikiingia kwenye mshipa wa damu ngozi huweza kufa.

Nitajuaje kama ananieleza ukweli, umeuliza. Kabla ya kupanda treni, tafuta jina lake kwenye orodha ya Baraza la Madaktari wa Tiba na Meno la Kenya, KMPDC, iliyo wazi mtandaoni, na uangalie ametambuliwa kama bingwa wa fani gani. Ukiwa mbele yake, mwulize amewahi kuvitoa vipandikizi vingapi vya kidevu, na kwa nini. Anayefanya kazi hii ana jibu: usaha, kusogea, mgonjwa kutoridhika na ukubwa. Mwombe picha za ubavuni za wagonjwa wenye uso wa kukaribiana na wako, zilizopigwa miezi sita au zaidi baada ya upasuaji, maana uvimbe wa wiki za kwanza hupendezesha au huharibu kwa muda tu. Picha ya kompyuta atakayokutengenezea ni ya kuelewana, na anapaswa kukueleza kuwa nyama husogea pungufu kidogo ya mfupa au kipandikizi kilivyosogea.

Mwulize pia atafanya nini kipandikizi kikipata usaha. Jibu la kweli ni kwamba mara nyingi hutolewa, husubiriwa miezi, kisha huwekwa kingine; dawa peke yake haitoshi siku zote. Maumivu yanayopungua kisha kuongezeka tena baada ya siku ya tatu au ya nne, ngozi ya moto, homa au majimaji ni sababu ya kupiga simu siku hiyohiyo, na unataka kujua simu hiyo inapokelewa na nani usiku. Uliza kuhusu ganzi ya mdomo. Wengi hupata kiasi kwa wiki au miezi kadhaa, wachache hubaki nayo. Ganzi ikiwepo, chai ya moto hukuunguza bila wewe kusikia, na uji hudondoka kidevuni bila habari, basi onja joto kwa ncha ya ulimi na uwe na kitambaa karibu.

Mtandio wako unahitaji mpango. Pini chini ya kidevu hukaa hasa pale kidonda kilipo au kipandikizi kinapojishikiza, na kitambaa kinachobana hukisukuma upande. Mwulize ni wiki ngapi uepuke kubana, na wakati huo uvae shela au mtandio mpana unaofungwa pembeni au kuning'inia, wa pamba, unaofuliwa kila siku. Ukishonwa nje, nyuzi hutolewa kati ya siku ya tano na ya saba, kwa hiyo hesabu kukaa Nairobi juma zima. Kama tarehe inakaribia Ramadhani, iseme mapema, kwa kuwa antibayotiki na maji ya kusukutua vina saa zake za mchana.

Bei iombe kwa maandishi, na ioneshe kila kitu peke yake: ada ya daktari, chumba cha upasuaji, mtu wa nusu kaputi, kipandikizi chenyewe, dawa, kurudi kukaguliwa, na nani analipa iwapo kitahitaji kurekebishwa au kutolewa. Bima kwa kawaida hailipii upasuaji wa urembo, lakini taya lenye shida ya kuuma au ya pumzi ni habari nyingine, uliza kampuni yako. Ofa ya "lipa amana leo upunguziwe" usiichukue; unaweza kurudi wiki ijayo na uamuzi ule ule. Na iwapo mtafikia upasuaji, dai kibandiko cha kipandikizi kinachobanduliwa kwenye pakiti yake kibandikwe kwenye kadi yako: jina la mtengenezaji, aina, ukubwa na namba ya toleo. Daktari atakayekuona miaka kumi ijayo ataanzia hapo.